Mdudu wa Kasuku

Yule mtoto hawakumwita Kasuku bure. Tangu ulimi wake ulipoijua kazi yake, haukupata likizo. Akiamka anaongea, akipiga mswaki anaongea na povu mdomoni, akila anaongea mpaka bibi yake anamwambia, "Meza kwanza, mke mwenzangu. Maneno hayapoi, chai ndiyo inayopoa." Alikuwa na miaka sita, na habari alizokuwa nazo zingemtosha mzee wa miaka sitini.

Baba yake alikuwa seremala, na mtaa mzima, pamoja na mama yake mzazi akikasirika, ulimwita Fundi. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, mlango wa jikoni ulifungukia humo humo, kwa hiyo vumbi la mbao liliingia kwenye kila kitu, hata kwenye kitanda. Siku hizo Fundi alikuwa na oda ya madawati ya shule nzima. Mwalimu mkuu alikuwa akipiga simu asubuhi na jioni, na mashine ya randa ilikuwa ikinguruma kutwa. Mama Kasuku hakuwepo. Alikuwa amesafiri kwenda kwa mdogo wake aliyejifungua, kumpikia mzazi na kumwogesha mtoto mchanga, kama dada anavyopaswa. Nyumbani walibaki watatu: Fundi, Bibi, na Kasuku.

Basi Kasuku akanyamaza. Na baba mtu, jamani, hakugundua! Tusimlaumu sana, maana kwenye ngurumo ya randa nani anasikia ukimya? Aligundua siku umeme ulipokatika. Mashine ikazima, akakung'uta nguo zake, akasubiri lile swali ambalo lingekuja lazima, kwa nini umeme unakatika, na unaenda wapi ukikatika, na unarudi kwa njia gani. Halikuja. Akatoka karakana akamkuta mtoto ameketi kizingitini, kiganja shavuni, anatazama miguu yake.

"Kasuku, vipi?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Mama," Fundi akaita, "huyu mtoto ana nini?"

"Umemwona leo?" Bibi akajibu kutoka jikoni. "Hongera sana. Mimi tangu juzi naona anatafunia upande mmoja."

Bibi alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa mikono, na mwepesi zaidi wa maneno. Akamvuta mjukuu wake kwenye mwanga, akamshika kidevu. "Fungua nione. Pana, pana zaidi. Haa! Sikusema? Gego la chini limetoboka. Kuna mdudu humo."

Kasuku akafunga mdomo taratibu. "Mdudu?"

"Mdudu, ndiyo. Amekaa ndani ya jino lako, analila polepole. Akitafuna ndipo unaposikia maumivu."

"Ana meno?"

"Atalaje kama hana meno?" akasema Bibi, akaenda kuchemsha maji ya chumvi.

Alimpa yale maji asukutue yakiwa vuguvugu, na maumivu yakatulia kidogo. Kisha akatwanga karafuu akamwekea kwenye jino, na hapo mtoto akapiga kelele ambayo jirani aliisikia, maana karafuu ilimchoma fizi. Fundi akaenda duka la dawa akarudi na dawa ya maji ya kutuliza maumivu, ile ya watoto, akampimia kama alivyoelekezwa. Mtoto akalala. Kesho yake maumivu yakarudi, tena yamerudi na nguvu mpya.

"Labda nimpeleke kwa daktari wa meno," akasema Fundi, lakini alilisema huku anapima mbao.

"Kwa jino la utoto?" Bibi akashangaa. "Litang'oka lenyewe hilo. Nani anapaka rangi kibanda cha kubomoa?"

Fundi akaona maneno ya mama yake yana busara. Na kwa kweli yalikuwa na busara moja kubwa, ya kumwacha yeye aendelee na madawati. Mama Kasuku alipopiga simu akaambiwa mtoto ana jino tu, usiwe na wasiwasi, na fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo akasema haya, nawaamini.

Sasa sikiliza kilichofuata. Sukari ikaanza kupungua. Bibi alikuwa anaijua sukari yake kama mchungaji anavyowajua mbuzi. Akatazama kopo, akasema, "Sisimizi hao." Akachukua bakuli, akatia maji, akaliweka kopo katikati ya maji ili sisimizi wasivuke. Kesho yake sukari imepungua tena.

"Sisimizi gani hawa wanaogelea?" Akamgeukia mwanawe. "Fundi, mwanangu, niambie kweli, sitakusema. Na ndevu zote hizo bado unaramba sukari?"

"Mama!"

"Basi ni mimi. Naamka usingizini naramba sukari, halafu narudi kulala. Haya."

Wakati huo Kasuku alikuwa amekataa kabisa kufungua mdomo ili watu waangalie. Ukimwambia fungua, anageuza uso. Chakula anameza bila kutafuna, maji baridi hayagusi, na usiku anageukageuka kitandani. Bibi akasema ni kumkosa mama yake. Fundi naye akasema ni kumkosa mama yake. Kila mmoja akaridhika kwamba mwenzake amesema hivyo.

Halafu alasiri moja Fundi alizima randa ili atafute patasi, na akasikia sauti nyuma ya mbao zilizopangwa ukutani. Alikuwa Kasuku, anaongea! Fundi akafurahi mpaka akasahau patasi. Akanyata, akachungulia.

"Kula taratibu," mtoto alikuwa akisema. "Usiniume, nimekuletea. Nyingine nitakuletea usiku. Ukishiba, lala. Na mimi nataka kulala."

Alikuwa amechuchumaa peke yake. Kiganja kimoja kilikuwa na sukari, na kwa vidole vya mkono wa pili alikuwa anaichota na kuishindilia nyuma kabisa mdomoni, kwenye lile gego, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Hakuacha. Alifuta machozi kwa bega, akachota tena.

"Kasuku, unamlisha nani?"

Mtoto akaruka, akafunga mdomo. Ilibidi Fundi akae chini kwenye vumbi, ambembeleze, amwapie kwamba hatamwambia mtu, ndipo jibu likatoka kidogo kidogo.

"Bibi kasema anakula jino langu. Kwa sababu ana njaa. Basi mimi nampa sukari, ashibe, asile jino."

Hebu niambie wewe unayesikiliza, ungemjibu nini? Katika nyumba ile, tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kuingia mwenye njaa akaachwa bila kulishwa. Mtoto alikuwa amefanya kama alivyoona. Fundi alitaka kucheka, kisha akataka kulia, na mwisho akabaki amekaa hapo mdomo wazi, vumbi la mbao linamwingia.

Ahadi yake ya kutomwambia mtu ilidumu mpaka mlango wa jikoni.

"Mama, sukari yako inaliwa na mdudu wa jino."

Bibi alipoelewa, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ole wangu! Mimi nilisema mdudu, sikusema mgeni!" Kisha akakaa kwenye kigoda, akatazama lile kopo kwenye bakuli la maji. Akasema, "Kesho asubuhi mpeleke. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Asubuhi wakatoka baba na mtoto. Mwalimu mkuu akapiga simu wakiwa njiani, na Fundi akamwambia madawati yapo karibu, maneno ambayo mafundi wote duniani huyasema bila kufikiri.

Chumba cha daktari wa meno kilikuwa na kiti kirefu cha kupanda na kushuka, taa kubwa yenye mkono, na beseni dogo la kutemea. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya furaha na mikono mifupi minene, na barakoa ameivuta chini ya kidevu. Kasuku alimwamkia shikamoo bila kutenganisha meno.

"Marahaba, mrembo wangu! Panda hapa. Unaona kinavyopanda? Kama unaenda mawinguni. Haya, sasa fungua mdomo tumwone huyo mdudu. Leo leo tunamtoa, na tukimtoa, tunamuua!"

Maneno hayo daktari alikuwa ameyasema kwa watoto tangu alipoanza kazi, na watoto waliyapenda, hasa hapo pa kuua. Wengine walifungua mdomo mpaka kimio kikaonekana. Kasuku alimtazama kwa macho makubwa, akateleza kutoka kwenye kiti kama samaki, na kufumba na kufumbua alikuwa chini ya kile kiti, amekumbatia mguu wake wa chuma.

"Nimesema nini mimi?" daktari akauliza.

"Mtamuua!" ikatoka sauti chini ya kiti. "Mtamwekea dawa! Baba, nilikuona kwenye lile kabati. Walianguka wote!"

Fundi akajua mara moja ni kabati gani. Mteja alimletea kabati la zamani lililotobolewa na dumuzi, wale wadudu wanaokula mbao, naye akapuliza dawa katika kila tundu, wadudu wakadondoka sakafuni wamekauka. Kasuku alikuwa amesimama pembeni anatazama. Fundi hata hakukumbuka kama alikuwepo.

Akamvuta daktari kando, akamweleza kwa sauti ya chini habari ya mdudu na habari ya sukari. Daktari alicheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Aliposikia kwamba mtoto alikuwa anaishindilia sukari kwenye tundu lenyewe mchana na usiku, kicheko kikakatika.

"Na hilo jino, daktari, kwani si la utoto?" Fundi akauliza. "Si litang'oka?"

"Litang'oka, lakini siyo leo. Magego hayo yanatakiwa kukaa mpaka afike miaka kumi hivi, au na zaidi. Yanawashikia nafasi wenzao waliomo chini ya fizi. Ukiling'oa sasa, meno ya jirani yatasogea, na mwenye nafasi yake akija hana pa kukaa, atatoka upande."

Hilo Fundi alilielewa bila kurudiwa. Ukiunga miguu ya dawati, unaweka kipande cha mbao katikati kishike nafasi mpaka gundi ikauke. Kipande chenyewe kitatupwa, lakini ole wako ukitoe mapema.

"Hilo la nafasi ni dogo," daktari akaendelea. "Uozo ukifika kwenye mshipa wa jino, utatunga usaha. Ukiona shavu limevimba na homa imepanda, hapo hatuzungumzii jino tena, tunamzungumzia mtoto. Mtoto wa hivyo hasubiri kesho. Huyu naona shavu ni zima, na homa hana. Kama linamuuma akila kitamu au akinywa baridi tu, huenda hatujachelewa, nalisafisha na kuliziba leo leo. Lakini siwezi kujua kwa mdomo uliofungwa."

Wote wawili wakatazama chini ya kiti. Mdomo ulikuwa umefungwa kweli kweli.

"Tunaweza kumshika," daktari akasema polepole, "wewe mikono, nesi wangu miguu. Kazi itafanyika. Ila hapa hatarudi tena mpaka awe bibi. Au tumwambie hatumuui mdudu, tunamhamisha tu. Tunamtia kwenye kichupa chenye pamba. Hapo atafungua sasa hivi."

Loo, kile kichupa kilimtamanisha Fundi! Akili yake ya ufundi ilishakimaliza: dumuzi waliokauka bado walikuwepo sakafuni karakana, angeweza kuleta mmoja, mtoto akamwona, mambo yakaisha kabla ya saa sita, akarudi kwenye madawati. Akafungua mdomo aseme sawa. Kisha akaona mkono mdogo kwenye ule mguu wa chuma, na vidole vile vilivyokuwa vikichota sukari huku machozi yanamtiririka. Taabu yote hii ilikuja kwa sababu huyu mtoto aliwaamini. Walimwambia neno moja bila kufikiri, naye akalichukua akakaa nalo, akalilisha. Sasa amwongeze la pili?

"Hapana," akasema. "Nitamwambia kweli."

"Kweli inachukua muda," daktari akaonya.

"Najua."

Akalala kifudifudi kwenye vigae, mtu mzima na suruali yake nzuri, uso kwa uso na bintiye.

"Kasuku. Hakuna mdudu."

Mtoto akaukumbatia ule mguu wa chuma zaidi.

"Nisikilize. Ndani ya jino lako hakuna mdudu. Kuna tundu."

"Bibi kasema yupo."

"Bibi alisema kama watu wanavyosema. Si tunasema jua limezama? Umewahi kuliona limelowa?"

Mtoto akafikiri. "Na daktari kasema. Kasema tumwone."

Fundi akainua macho kwa daktari. Yule mama akashuka taratibu, goti moja, goti la pili, akiguna, mpaka naye akawa chini. "Nilisema, mwanangu. Huwa nawaambia watoto hivyo ili wafungue mdomo. Nisamehe."

"Kwa hiyo hayupo?"

"Hayupo. Sasa, kusema kweli kabisa, kuna vijidudu..."

"Daktari!" Fundi akamkatiza kwa kilio.

"Si umesema kweli?" Daktari hakurudi nyuma. "Kuna vijidudu vidogo mno, Kasuku, vidogo hata macho hayavioni. Mimi ninavyo, baba yako anavyo, kila mtu anavyo mdomoni. Havina macho, havina masikio. Sukari ikibaki kwenye jino, vinaigeuza kuwa uchachu, na ule uchachu ndio unaotoboa jino. Ukivipa sukari havishibi. Vinazidi."

Kasuku alimeza mate. "Havina masikio?"

"Havina."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Nione mwenyewe," akasema Kasuku.

Akatoka chini ya kiti, akapanda, akapewa kioo cha mkononi akishike yeye. Daktari akaingiza kile kijikioo chake chenye mpini, akaelekeza taa. Mtoto akafungua mdomo kwa ajili yake mwenyewe. Akaliona gego lake, na katikati yake tundu la kahawia, lenye weusi ndani, na chembe za sukari za usiku uliopita zimeganda ukingoni. Alitazama sana. Aligeuza kioo huku na huku, kama mtu anayechungulia nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Akashusha kioo.

"Sasa nilikuwa naongea na nani?"

Daktari akajishughulisha na glavu zake. Mtoto akalia, hakulia kwa kelele, alilia kama watu wazima wanavyolia wakipata habari. Baba yake akamshika mguu, maana ndio aliokuwa nao karibu.

Mwisho akajifuta kwa mkono wa gauni. "Fanya," akamwambia daktari, na akafungua mdomo wote.

Daktari alimpaka dawa ya ganzi kwenye fizi, kisha akamchoma sindano ndogo aliyoificha vizuri kiganjani. Mashine ilipolia, Fundi alishtuka: ilikuwa mtoto wa randa yake kabisa, sauti ileile, nyembamba tu. Maji yakanyunyiza, uozo ukatoka, daktari akagonga hapa na pale mpaka akafika palipo pagumu. Hapo akainua kidole gumba. "Tumewahi. Mshipa haujaguswa." Akaziba tundu kwa dawa nyeupe, akaikausha kwa taa ya buluu, akamwambia Kasuku aume, aume tena, aseme kama dawa imezidi kimo.

"Mswaki asubuhi, na usiku kabla ya kulala," daktari akasema. "Ule wa usiku umpigishe wewe, mpaka afike miaka minane hivi. Na baada ya huo mswaki ni maji tu, kingine chochote hapana. Karafuu mwambie bibi aweke kwenye chai. Sasa hivi mdomo umekufa ganzi, asile mpaka uzinduke, asije akajitafuna ulimi."

Wakaondoka. Jua lilikuwa limepanda, watu wanapita na shughuli zao. Mbele ya duka moja lililofungwa kulikuwa na kibaraza chenye kivuli, na Fundi, ambaye madawati yalikuwa yakimngoja, akakaa hapo. Kasuku akakaa pembeni yake, mdomo umepinda upande mmoja. Simu ikaita. Mwalimu mkuu. Fundi akaikata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ulikuwa unamwambia nini?" akauliza.

"Nani?"

"Yeye. Ambaye hayupo."

Kasuku akatazama barabara. Maneno yalitoka mazito, yamepinda kwa ile ganzi. "Vingi. Karakana ina kelele. Na bibi akipika hataki kuulizwa." "Na nilimwambia mama amepata mtoto mwingine."

"Mtoto gani?"

"Yule kijana. Bibi alipopokea simu alipiga vigelegele akasema, 'Mama yako kapata kijana! Una mdogo wako sasa!' Ndiyo maana harudi. Yuko na mtoto wake." Akashika shavu ingawa halikuwa linauma. "Kila siku nilikuwa namuuliza mdudu kama mama atarudi. Yeye anatafuna tu."

Fundi alihisi kama mtu amemgonga kwa nyundo. Bibi hakudanganya. Mtoto wa dada ni mtoto wako, mtoto wa mama mdogo ni mdogo wako, kila mtu mzima anajua, ndivyo tunavyosema na ndivyo ilivyo. Ila hakuna aliyekumbuka kumwambia huyu mdogo kwamba ni namna ya kusema tu. Wote walikuwa wanaambiana anamkosa mama yake, na hakuna aliyeinama kumuuliza anamkosaje.

"Kasuku, nisikilize mimi. Yule ni mtoto wa mama yako mdogo. Amemzaa yeye, atabaki kwake. Mama yako amekwenda kusaidia, na anarudi Jumamosi."

Mtoto akamgeukia, akamkagua uso, jicho hili, kisha jicho lile.

"Kweli kabisa," akauliza, "au kweli kama ya mdudu?"

Fundi hakuapa. Alichukua simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu, akampa mtoto aishike mwenyewe.

"Haloo?" akaitika Mama Kasuku. "Vipi huko, jino limekuwaje?"

"Mama."

"Kasuku wangu! Mbona sauti imekuwa hivyo?"

"Mdomo umekufa ganzi. Mama, wewe ni mama wa nani?"

Mama Kasuku akasema, na sauti yake imeteremka, "Wako. Wa nani mwingine, mwanangu?"

Nyuma yake mtoto mchanga akaanza kulia.

"Na huyo anayelia?"

"Huyo ana mama yake. Mama yako mdogo, yupo hapa, amelala, hakulala usiku kucha maskini. Unataka nimwamshe akwambie mwenyewe?"

Fundi akafungua mdomo kusema hapana, muache mzazi apumzike.

"Mwamshe," akasema Kasuku.

Wakasubiri hapo kibarazani, vichwa vimegusana juu ya simu, mpaka sauti nzito ya usingizi ikasema haloo.